Nguruwe Mwitu na Nguruwe Aliyetoroka: Mwongozo Kamili wa Sheria, Hatua kwa Hatua

Nguruwe akishatoka nje ya uzio, maswali mawili huanza kukimbizana: ni wa nani, na nani atalipa. Wengi huyaruka yote mawili wakaenda kwenye la tatu, "tumfanye nini?" Wanachukua bunduki, mtego au panga, na wiki inayofuata wanashangaa kwamba wanaoitwa polisi ni wao, si mwenye nguruwe.

Mwongozo huu unaanzia kwenye hali ya mnyama mbele ya sheria, kisha ndio unafika kwenye mtego. Sheria hutofautiana nchi na nchi, na pengine jimbo na jimbo, kwa hiyo nitataja mifano ya kweli ya sehemu mbalimbali ili uone mambo yanavyokamatana. Nikisema "ofisi ya mifugo" au "idara ya wanyamapori", weka jina la ofisi inayokuhusu wewe. Namba zao za simu ziandike leo, kabla hujazihitaji.

Hatua ya 1: Jua nguruwe huyu ni nani kisheria

Nguruwe wa bandani na nguruwe mwitu wa Ulaya na Asia ni spishi moja, Sus scrofa. Wanapandana bila shida, na watoto wao nao huzaa. Nguruwe wa kufugwa akiishi porini vizazi vichache, manyoya hurefuka, mwili hukonda, pembe za dume hutokeza nje ya mdomo, na mtu asiyemjua ataapa kuwa ni mwitu wa tangu na tangu. Ngiri na nguruwe pori wa Afrika ni jamii nyingine kabisa. Hao wako chini ya sheria za wanyamapori, na kwao swali la "huenda ni mfugo wa mtu" halina uzito.

Kwa kuwa umbile halitoshi, sheria hutazama alama, uzio na muda. Wazo hili ni la zamani mno. Sheria ya Kirumi ilisema mnyama wa porini hana mwenyewe mpaka akamatwe, na akiponyoka akarudia uhuru wake, umiliki unakatika. Sheria ya Kiraia ya Ujerumani bado inalibeba wazo hilo katika kifungu cha 960: mnyama wa porini aliyenaswa kisha akatoroka huwa hana mwenyewe kama aliyekuwa naye hakumfuatia bila kuchelewa, au akikata tamaa ya kumfuatia. Zingatia maneno "bila kuchelewa". Ukifuga nguruwe mwitu, saa utakazokaa ukisubiri arudi mwenyewe zinaweza kukugharimu umiliki. Mfugo wa kawaida hapotezi mwenyewe kirahisi hivyo. Anabaki mali yako hata akiwa bondeni kwa jirani, na hasara anayosababisha inabaki yako pia.

Katikati ya hao wawili yuko wa tatu, anayewaumiza vichwa watunga sheria: nguruwe wa asili ya kufugwa aliyekwishakuwa mwitu. New Zealand, katika sheria yake ya mwaka 1977 ya kudhibiti wanyama wa porini, humhesabu nguruwe kuwa mwitu akiwa anaishi kiporini, hachungwi wala hashughulikiwi kama mfugo, wala hayumo ndani ya uzio wa maana. Jimbo la Missouri nchini Marekani limekwenda mbali zaidi: nguruwe yeyote anayezurura bila ruhusa ya mwenye ardhi, na asiye na hereni au alama nyingine inayoonekana wazi, ni nguruwe mwitu. Kwa hiyo huko hereni ikidondoka kwenye kichaka, mnyama yule yule wa jana anaingia kundi jingine.

Kwa vitendo, ukimwona nguruwe usiyemjua fanya hivi. Kaa mbali, tumia darubini au vuta kwa kamera ya simu. Tazama masikio yote mawili, kwa sababu hereni huwekwa moja tu na tatuu huweza kuwa ndani ya sikio au begani. Tafuta alama za kukatwa ukingoni mwa sikio. Halafu gonga ndoo. Mwitu atatimua mbio. Anayeinua kichwa na kusogea ana mtu anayemlisha. Ndoo si ushahidi wa mahakamani, lakini itakuambia umpigie simu nani kwanza.

Ukibaki na shaka, mchukulie kuwa ana mwenyewe na kuwa ana ugonjwa, mpaka ithibitike vinginevyo. Ukikosea kwa upande huo utapoteza nusu siku. Ukikosea kwa upande wa pili unaweza kupoteza leseni, au kundi lako zima la nguruwe.

Hatua ya 2: Nguruwe ni wako na ametoroka

Andika saa uliyogundua. Kisha piga simu mbili: kwa majirani wa upande aliokimbilia, na kwa ofisi ya mifugo. Watu husita kupiga hiyo ya pili wakiogopa faini, lakini sehemu nyingi kosa lenye adhabu kali ni kuruhusu nguruwe akae nje au kunyamaza, si ajali yenyewe. Taarifa yenye saa na tarehe ndiyo itakayoonyesha kwamba ulimfuatilia.

Usiwatume mbwa wamkimbize. Nguruwe aliyefukuzwa huenda mbali kuliko aliyepotea. Akiwa amelala kichakani mchana, mwache. Jioni njoo na ndoo ile ile, mwite kwa sauti ile ile, umwage chakula kidogo kidogo kuelekea bandani. Ukilazimika kumswaga, shika ubao mpana kila upande. Nguruwe huelekea palipo na upenyo wa mwanga, na akiona kitu kilichoziba macho yake hugeuka, ilhali akiona miguu ya mtu atapita katikati.

Akipatikana, usimrudishe moja kwa moja kundini. Mweke peke yake, na vyombo vyake na viatu vyako vya kuingilia humo, mpaka daktari wa mifugo aseme. Huko nje huenda amekutana na mwitu, amekula mzoga, au amepandwa. Mimba ya nguruwe ni miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Hesabu kuanzia siku ya kutoroka, kwa sababu watoto wenye damu ya mwitu wana sheria zao, nitakazozigusa mwishoni. Na kama kumrudisha kunahitaji gari, uliza kwanza kama unahitaji kibali cha kusafirisha. Nchi nyingi huhesabu kila safari ya nguruwe kuwa uhamisho wa mifugo, hata wa kilomita mbili. Nchini Uingereza nguruwe wapya wakiingia shambani, waliomo hawaruhusiwi kwenda shamba jingine kwa siku 20.

Sasa suala la kulipa. Kuna mapokeo mawili makubwa duniani. La kwanza linasema mfugaji ndiye wa kuzuia mifugo yake. La pili, lililotawala sehemu kubwa ya kusini mwa Marekani mpaka mwishoni mwa karne ya 19, lilisema mkulima ndiye wa kuzungushia mazao yake uzio, na nguruwe walizurura misituni wakitambulikana kwa alama za kukatwa masikio zilizoandikishwa serikalini. Mapokeo hayo ya pili yamefifia karibu kila mahali, ila mabaki yake bado yapo, kwa hiyo uliza: hapa jukumu la uzio ni la nani?

Panapofuatwa la kwanza, mara nyingi mwathirika hahitaji kuthibitisha kwamba ulizembea. Sheria ya Wanyama ya Uingereza ya mwaka 1971 inasema mwenye mifugo iliyoingia ardhi ya mtu mwingine anawajibika kwa uharibifu wa ardhi na mali, pamoja na gharama za kuitunza ikiwa imezuiliwa. Kumwambia jirani "nawe ungejenga uzio" hakukuokoi, isipokuwa kama kulikuwa na mtu aliyekuwa na wajibu wa kuujenga na hakuujenga. Mwenye mifugo iliyotoka barabarani ikiwa inapitishwa kihalali ana utetezi wake. Nje ya hapo, utetezi wako ni mwembamba.

Kwa jirani nenda mwenyewe, siku hiyo hiyo. Kubali kwamba nguruwe ni wako, lakini usitaje kiasi cha hasara kabla hakijapimwa. Ninajua kuna wanaofanya kinyume: wanang'oa hereni usiku na kusema "huyo simjui". Ni ujinga mara mbili. Kuondoa alama ya utambulisho ni kosa kwenyewe, na nguruwe asiye na alama, sehemu nyingine, yeyote mwenye ruhusa ya ardhi anaweza kumpiga risasi asidaiwe chochote.

Hatua ya 3: Nguruwe wa mtu mwingine yuko kwako

Kumzuia kwa kawaida ni haki yako. Kumchinja au kumuuza wakati huo si haki yako. Kati ya hayo pana utaratibu, na ule wa Uingereza una mistari iliyo wazi, kwa hiyo nautumia kama kielelezo hata kama nchi yako ina tarakimu nyingine.

Ukimzuia nguruwe aliyeingia ardhini mwako na hakuna anayemwongoza, una saa 48. Ndani ya muda huo unatakiwa kumpa taarifa mkuu wa kituo cha polisi, na mwenye mnyama pia kama unamjua. Saa hizo zikipita bila taarifa, haki ya kumzuia inakufa. Mwenye nguruwe akileta fedha za kutosha kufidia hasara na matunzo, unamwachia. Kama huna dai lolote la fidia, unamwachia akimtaka. Zikipita siku zisizopungua 14 bila kesi kufunguliwa, unaweza kumuuza sokoni au kwa mnada wa hadhara. Unachukua unachodai na gharama za mauzo, na kinachobaki ni cha mwenye mnyama. Wakati wote huo wewe ndiye wa kumpa chakula na maji ya kutosha, na akifa kwa uzembe wako utamlipa.

Mnada wa hadhara umewekwa kwa sababu maalumu: bei yake ina mashahidi. Ukimuuza kwa rafiki yako jioni, hata kwa bei nzuri, umejipa kazi ya kuthibitisha kwamba hukuiba.

Taarifa iwe ya maandishi. Inatosha kuwa fupi hivi:

"Mimi, mwenye shamba lililoko (mahali), natoa taarifa kwamba tarehe (…) saa (…) nilimkuta nguruwe jike mmoja, mweupe mwenye madoa meusi kiunoni, hereni ya njano sikio la kushoto namba (…), akiwa ndani ya shamba langu la viazi. Nimemzuia katika banda lililofungwa, anapewa chakula na maji. Ameharibu eneo la hatua 12 kwa 9, picha ninazo. Simfahamu mwenyewe. Naomba taarifa hii ipokelewe na nipewe nakala yenye muhuri."

Nakala yenye muhuri ndiyo utakayoitafuta miezi minne baadaye. Ipige picha siku hiyo hiyo.

Na kumpiga risasi papo hapo je? Sheria nyingi huruhusu kumuua mnyama wa mtu pale tu anapohatarisha maisha, na mara chache kwa ajili ya mazao. Kama ungeweza kumfukuza au kumfungia, hakimu atakuuliza kwa nini hukufanya hivyo.

Hatua ya 4: Mwitu wameharibu mazao, kusanya ushahidi na udai kwa wakati

Hapa ndipo madai mengi hufia, si kwa kukosa haki bali kwa kuchelewa. Nchini Ujerumani, chini ya Sheria ya Shirikisho ya Uwindaji, uharibifu wa nguruwe mwitu mashambani hulipwa na ushirika wa uwindaji wa eneo hilo, yaani umoja wa wenye ardhi, ambao mara nyingi humbebesha mzigo huo aliyekodi haki ya kuwinda. Lakini dai lazima lifike mamlaka husika ndani ya wiki moja tangu ulipojua uharibifu, au tangu ulipopaswa kuujua kama ungekuwa mwangalifu. Hayo maneno ya mwisho yana makali: mkulima asiyetembelea shamba lake kwa mwezi hawezi kusema amejua jana. Bustani, mashamba ya mizabibu na mazao mengine ya thamani kubwa hayalipwi kama hayakuwa na kinga ya kawaida ya kuzuia wanyama.

Ufaransa mzigo wa kulipa uko kwa mashirikisho ya wawindaji. Italia imetangaza wanyamapori kuwa mali ya dola, kwa hiyo madai huelekezwa kwa mamlaka za umma. Tanzania malipo ya mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori huitwa kifuta jasho, na jina lenyewe linakiri kwamba si fidia kamili. Kwingine hakuna malipo kabisa: mwitu ni balaa kama mvua ya mawe, na unachopewa ni ruhusa ya kujilinda. Jua uko wapi kati ya hayo kabla hujapoteza nauli.

Ushahidi ukusanye asubuhi ile ile, kabla jua halijakausha tope. Anza na nyayo. Mbuzi na nguruwe wote huacha kwato mbili za mbele, lakini nguruwe ana vidole viwili vya nyuma vilivyokaa chini na kutanuka kando; kwenye tope laini utaona alama nne, zile mbili ndogo za nyuma zikiwa nje ya upana wa kwato. Weka rula au kalamu kando ya unyayo ndipo upige picha. Kisha tazama ardhi iliyofukuliwa: nguruwe hupindua kwa pua, anaacha mtaro wenye udongo uliorundikwa upande mmoja, tofauti na nungu anayechimba shimo dogo na kulenga mzizi. Chunguza nyaya za uzio kwa manyoya magumu yaliyopasuka ncha, na mashina ya miti kwa tope lililopakwa wakati wanajikuna. Urefu wa tope hilo utakuonyesha ukubwa wa mnyama. Piga na picha za mbali zinazoonyesha kitu kisichohama, mti mkubwa au kona ya nyumba, ili mtu asiseme ni shamba la mwingine.

Kupima hasara usikisie kwa jicho. Chukua kamba, gawa shamba miraba ya hatua kumi kumi, hesabu mimea iliyolala katika kila mraba ulioguswa, linganisha na mraba ambao haukuguswa. Mwite mtu wa pili asiye ndugu yako aweke saini. Na usilime upya mpaka mkaguzi apite, au mpaka upewe ruhusa ya maandishi.

Hatua ya 5: Kabla ya kutega au kupiga risasi

Kuna maswali manne. Una ruhusa ya ardhi? Una ruhusa ya mnyama? Una ruhusa ya silaha au mtego? Na baada ya kumpata, unaruhusiwa kumpeleka wapi?

Mawili ya kwanza huchanganywa sana. Ardhi inaweza kuwa yako na mnyama asiwe wako kumwinda. Kinyume chake kipo pia: tangu Septemba 2019, jimbo la Texas halidai leseni ya uwindaji kwa anayewinda nguruwe mwitu kwenye ardhi binafsi akiwa na idhini ya mwenye ardhi, lakini bila idhini hiyo wewe ni mvamizi tu. Kuhusu zana, vitanzi vya waya vimepigwa marufuku sehemu nyingi kwa sababu havichagui: vinanasa mbwa, swala na mtoto wa jirani sawasawa. Sumu ni mbaya zaidi. Zipo nchi kama Australia zinazoiruhusu kwa masharti makali na kwa watu waliofunzwa, lakini mkulima anayechanganya sumu na pumba nyuma ya nyumba anatenda kosa karibu kila mahali.

Swali la nne ndilo linalonishughulisha zaidi. Katika sheria za nguruwe mwitu kanuni moja hurudiwa kuliko zote: usimhamishe akiwa hai. Queensland, jimbo la Australia, imewaweka katika orodha ya wanyama ambao ni marufuku kuwahamisha, kuwafuga, kuwalisha, kuwauza, kuwagawa au kuwaachia. Texas huruhusu wasafirishwe hai, ila kuelekea machinjioni, kwenye kituo cha kuwahifadhi kilichoidhinishwa, au kwenye shamba la uwindaji lililoidhinishwa.

Sababu yake ilionekana Tennessee. Mwaka 1999 jimbo lilifungua msimu wa kuwawinda jimbo zima bila kikomo cha idadi, kwa matumaini kwamba wawindaji wangewapunguza. Kilichotokea ni kwamba nguruwe walianza kuonekana sehemu ambazo hawakuwahi kuwapo, mbali na misitu yao, kana kwamba walikuja kwa gari. Na ndivyo ilivyokuwa: watu waliopenda mchezo wa kuwawinda walikuwa wakiwabeba na kuwaachia karibu na nyumbani. Mwaka 2011 jimbo likawafuta katika orodha ya wanyama wa kuwindwa, likawaita waharibifu. Kansas ilikwisha kupiga marufuku uwindaji wa kujifurahisha mapema, mwaka 2006, na Missouri imeuzuia tangu 2016 katika ardhi za idara yake ya uhifadhi, ikategemea mitego.

Mkulima akisikia hivyo hukasirika. Mimi niko upande wa marufuku, kwa sababu ya hesabu tu. Ukimpiga risasi mmoja katika kundi la kumi na wawili, umewafundisha kumi na mmoja wabadili njia na walale mchana. Mtego mkubwa wa duara unaolishwa chakula siku kadhaa mlango ukiwa wazi, ukafungwa tu kamera ikionyesha kundi zima limeingia, haubakishi wa kujifunza. Kama sheria ya kwako inaruhusu mtego, omba kibali cha aina hiyo. Weka lebo yenye namba ya kibali kwenye mlango, ukague kila siku kama kibali kinavyoagiza, na usitumie makombo ya jikoni kama chambo. Tunakuja kwenye sababu.

Hatua ya 6: Umekuta mzoga, au nguruwe anayepepesuka

Simama. Usimguse, usimvute, usimkate kuona amekufa na nini. Mfunge mbwa. Weka alama ya mahali kwenye simu, ondoka kwa njia uliyojia, toa taarifa kwa ofisi ya mifugo, na viatu hivyo visikanyage banda lolote la nguruwe kabla ya kusafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu.

Kinachoogopwa ni homa ya nguruwe ya Afrika. Ilielezwa kitaalamu mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921. Ngiri na nguruwe pori wa Afrika huweza kuibeba bila kuugua, wakiambukizana kupitia kupe laini waishio mashimoni, lakini nguruwe wa kufugwa na nguruwe mwitu wa Ulaya hufa kwa wingi. Haimpati binadamu. Ilifika Georgia (nchi ya Kaukasia, si jimbo la Marekani) mwaka 2007, ikaingia Umoja wa Ulaya mwaka 2014 na China mwaka 2018. Virusi vyake hukaa hai kwa miezi ndani ya nyama iliyogandishwa, na hupenya salama kwenye nyama iliyokaushwa au kutiwa chumvi bila kupikwa sawasawa. Ndiyo maana makombo yenye nyama yamepigwa marufuku kama chakula cha nguruwe nchi nyingi: kipande kimoja cha soseji kilichotupwa kando ya barabara kinatosha kuanzisha mlipuko.

Ugonjwa ukithibitishwa, sheria ya dharura huchukua nafasi ya ile ya kawaida. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni namba 2023/594 huigawa ardhi katika kanda tatu za vizuizi, na kila kanda ina masharti yake juu ya nguruwe, nyama na bidhaa nyingine. Jambo ambalo watu hawalitarajii ni kwamba mwanzoni uwindaji husimamishwa badala ya kuongezwa. Czechia ilifanya hivyo katika eneo la Zlín mwaka 2017: kitovu kilizungushiwa uzio wa umeme na wa harufu, watu wakazuiwa kuingia ili nguruwe wasitawanyike, mizoga ikatafutwa na kuondolewa, na kuua kukafanywa baadaye na watu maalumu. Mlipuko ule ukazimwa. Ukiwa katika kanda kama hiyo, kibali chako cha zamani cha kuwinda hakina maana mpaka kitajwe upya.

Kuhusu nyama kwa jumla: nguruwe mwitu huweza kuwa na minyoo ya trikinela, na baadhi wana bakteria wa brusela wanaompata binadamu kupitia damu na michubuko. Vaa glavu, funika vidonda, na peleka sampuli kwa mkaguzi kabla ya kula. Kuiuza bila muhuri wa ukaguzi ni kosa, hata kama umempiga kihalali.

Hatua ya 7: Kama unataka kufuga mwitu au chotara

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu ushauri wangu ni usifanye. Nguruwe mwitu walikuwa wametoweka Uingereza kwa karne kadhaa, wakarudi kwa kutoroka mashambani na kuachiwa kuanzia mwishoni mwa karne ya 20. Leo anayewafuga anahitaji leseni chini ya sheria ya mwaka 1976 ya wanyama wakali. Jimbo la Michigan, Marekani, liliwatangaza nguruwe wa aina ya mwitu kuwa spishi vamizi iliyokatazwa kuwamiliki. Ontario, jimbo la Kanada, imeweka kanuni tangu Januari 2022 za kuwamaliza, mashambani na porini. Uwekezaji wa miaka kumi unaweza kuwa haramu kwa tangazo moja la serikali, na fidia haina uhakika.

Ukishikilia nia hiyo, omba leseni kabla ya kununua hata mmoja, tia kila mnyama alama mbili ili moja ikidondoka nyingine ibaki, na zika waya wa chini wa uzio ardhini badala ya kuuacha ukigusa majani. Denmark ilipojenga uzio wa kilomita 70 hivi mpakani na Ujerumani, uliokamilika Desemba 2019, ilichagua urefu wa mita moja na nusu na kuuchimbia chini, kwa kuwa nguruwe hutafuta njia kwa pua kabla ya kufikiria kuruka. Kagua kila baada ya mvua kubwa, hasa uzio unapokatiza mfereji, na andika tarehe ya ukaguzi katika daftari lile lile lenye namba za hereni.